Toa Yote, Mama

Nyumba yetu ya Bukoba iko mlimani. Ukitoka barazani asubuhi yenye anga safi unakiona Kisiwa cha Musira kimekaa majini kama kichuguu. Baba aliijenga pale makusudi. Alikuwa akisema anataka anapokunywa chai alione Ziwa Victoria lote bure. Benchi la barazani alilipigilia misumari likitazama majini, na kila mgeni aliketi pale.

Mwishoni mwa Mei 1996 baba alichukua nyundo akaling'oa lile benchi, akaligeuza, akalipigilia upya likitazama migomba. Hakusema neno. Nilikuwa na miaka 13, darasa la sita, na mimi ndiye niliyemshikia misumari.

Asubuhi ya tarehe 21 mwezi ule, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mdogo wake baba alikuwamo, pamoja na ndizi alizokuwa akipeleka kuuza. Mamia ya watu walikufa. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi katika walioopolewa walizikwa Igoma, makaburi yako mpaka leo. Lakini kuna jambo moja ambalo kwetu lilisimuliwa kila msiba na kila Krismasi, kwa sauti ya chini, watoto tukijifanya tumelala. Meli haikuzama papo hapo. Ilielea kichwa chini, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikapita kwenye tundu lile, meli ikashuka.

Baba alikaa Mwanza siku tisa akimsubiri mdogo wake aonekane. Alirudi mikono mitupu.

Baba mdogo alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe, kwa hiyo hadithi zake nyingi hatukuwahi kujua zinaishaje. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nyumbani hakutajwa kama mtu, alitajwa kama onyo. Ukichelewa kutoka shule: "Unataka kwenda alikokwenda baba yako mdogo?" Ziwa likapigwa marufuku. Wenzangu walishuka ufukweni jioni wakavua nguo wakajitosa, mimi nikabaki mchangani nikiwashikia viatu. Nilikuwa mshikaji mzuri wa viatu. Jozi sita mkono mmoja.

Safari za Mwanza zikawa za basi. Mama aliziona ni salama, isipokuwa kwamba basi nalo lilifika Busisi likapanda kivuko, abiria tukashuka tukavuka kwa miguu juu ya kile chuma, na mama akafumba macho akihesabu rozari kuanzia ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Daraja la pale lilipofunguliwa Juni 2025, urefu wake zaidi ya kilomita tatu, ndiye aliyenipigia simu Dar kunipa habari, kana kwamba limejengwa kwa rozari zake.

Hofu ikishaingia nyumbani haikai chumba kimoja. Hili nililiona nikiwa mtu mzima, na hata hivyo nililiona kwa kuchelewa. Mwaka 2014 nilipewa nafasi ya kazi Unguja: cheo cha juu kidogo, posho ya nyumba, kila kitu kwa maandishi. Mimi ni mhasibu, nilipiga hesabu zake mara tatu na mara zote zilitoka vizuri. Nikaandika barua ya kukataa, nikisema mama anaumwa. Mama alikuwa mzima, analima. Sikuweza kujiona nikipanda boti kila mwisho wa mwezi, wala kumwambia mtu yeyote kwamba sababu ni hiyo. Nafasi akapewa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Baada ya hapo ikawa rahisi zaidi kukataa mambo mengine ambayo hayakuwa na maji hata tone.

*

Sisi watu wa umri wangu tunaoishi Dar tumehamasishwa sana. Nilikuwa na daftari. Kila Januari niliandika malengo, na lengo la kwanza kwa miaka sita mfululizo lilikuwa "kujiamini zaidi", mwandiko uleule, kalamu tofauti. Nilikuwa kwenye makundi mawili ya WhatsApp ambako saa kumi na moja alfajiri ilitumwa sauti ya mtu anayefoka kwamba simba hasubiri kuambiwa kuwa ni simba. Nikalipa elfu hamsini nikaenda kongamano la akina mama. Tukapewa fulana, tukaambiwa tugeuke tumwambie jirani, "Wewe ni mshindi." Jirani yangu, mama wa makamo mwenye kilemba kizuri, aliniinamia akaninong'oneza kwamba viatu vinambana. Katika yote niliyoyasikia siku ile, hilo ndilo ninaloliamini mpaka leo.

Siwadharau wahamasishaji. Wengine wanasema mambo ya maana. Ila mimi nilitoka ukumbini nimejaa, nikapanda daladala nimejaa, nikafika Tabata bado nimejaa, na Jumatatu nikaingia ofisini nimejaa vilevile, nikakaa kwenye kiti kilekile. Wiki mbili baadaye nikatafuta pengine pa kwenda kujazwa.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa napiga pasi nguo za wiki. Mama akapiga simu. Hakunisalimia.

"Limechukua tena," akasema.

Nikawasha televisheni. Ndege ya abiria iliyotoka Dar, watu 43 ndani, ilikuwa imeanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Mkia ulikuwa umechomoza juu ya maji. Kufikia jioni tulijua kwamba watu 19 wamekufa na 24 wametolewa hai. Kwa mama mjadala ulikuwa umefungwa: ziwa ni lilelile na tabia yake ni ileile.

Mimi nilikuwa natazama mitumbwi. Kabla hata ya watu wa uokoaji wenye vifaa, wavuvi walikuwa wameshaizunguka ile ndege. Baadaye nchi nzima ililijua jina la Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyesimulia jinsi alivyoupiga mlango wa ndege kwa kasia mpaka ukafunguka, watu wakaanza kutoka. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aingizwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu wakamwita shujaa, na ni shujaa. Lakini mimi nilishikwa na kitu kidogo zaidi, nacho ni jinsi wale wavuvi walivyokuwa wakienda. Walikuwa wakiyaendea yale maji kama mimi ninavyoliendea kabati langu la vyombo, ambamo usiku wa manane umeme umekatika najua kikombe kiko wapi.

Nimezaliwa juu ya ziwa lile. Kama ningekuwa ufukweni asubuhi ile, ningewashikia viatu.

Ningependa kusema kesho yake nilikwenda kujiandikisha kuogelea. Sikwenda. Nilizima televisheni nikamaliza kupiga pasi.

*

Niliingia majini Februari 2023 kwa sababu mdogo wangu alipata zamu kazini Jumamosi. Mwanawe, wa miaka saba, alikuwa ameandikishwa mafunzo ya kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja upande wa Mikocheni, na mtu wa kumpeleka hakuwepo. "Dada, utakaa tu pembeni, una simu yako," akaniambia. Nikampeleka. Mwalimu, mzee mrefu wa Pangani mwenye filimbi shingoni na korosho mfukoni, alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Huyu siku ya kwanza anaingia na mkubwa wake. Wewe ndiye mkubwa wake?"

Nikamwambia mimi ni mama yake mkubwa. Akasema basi, nani mkubwa kuliko mama mkubwa.

Nilikuwa na misuko ya elfu themanini kichwani, haijamaliza wiki. Nilikuwa na miaka 40. Hapakuwa na muziki wa kishujaa. Palikuwa na watoto tisa wa shule ya msingi wananisubiri ili somo lianze, na mmoja wao alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikaazima kaptura na fulana, nikashuka ngazi nimeshika chuma kwa mikono miwili, maji yakanifika kifuani, na nikakaa pale nimeshika chuma kwa dakika arobaini na tano. Mtoto wetu alikuwa anapuliza mapovu na kucheka. Tulipokuwa tunatoka nilimsikia mtu anamuuliza mzee bei ya mafunzo ya mtu mzima, na mtu huyo alikuwa mimi. Nikalipia mara kumi kwa mkupuo, kwa sababu kulikuwa na punguzo.

Watu wengi hudhani anayejifunza kuogelea anafundishwa mikono na miguu. Mzee wa Pangani hakunigusia mikono wala miguu kwa wiki tatu. Kila Jumamosi aliniweka penye kina kifupi, akaniambia niingize uso majini. Naingiza, nabana pumzi, nahesabu mpaka nne, natoka natweta kama niliyekimbizwa na mbwa. Yeye anatafuna korosho.

"Toa," anasema.

Mara ya kwanza nikamuuliza, nitoe nini?

"Pumzi. Umevuta, umeifungia. Unakwenda nayo wapi? Itoe humohumo majini. Toa yote, mama."

Ikabidi nielewe kwa kichwa kwanza, kwa sababu mwili ulikataa. Mtu anayeogopa maji huvuta pumzi kubwa akaibana. Sekunde chache tu kifua kinaanza kuwaka, akili inapiga kelele kwamba hewa imekwisha. Haijaisha. Kinachowasha ni kabonidayoksaidi inayorundikana ndani, na haitapungua mpaka uitoe. Mtu huyu akichomoza juu kifua kimejaa, hana nafasi ya kuvuta hewa mpya, anavuta kidogo juu ya ile ya zamani, anazama tena, na kila mzunguko ni mbaya kuliko uliopita. Anaonekana anakosa pumzi kumbe amezidiwa nayo. Siku nilipolielewa hili nilikuwa kwenye daladala narudi Tabata, nywele zinanuka klorini, na nilijikuta nawaza kuhusu daftari langu la Januari.

Mtoto wetu alimaliza mambo hayo kwa siku mbili. Akawa mshauri wangu. "Mama mkubwa, usiyameze," alinionya siku moja kwa uso wa huruma, "watu wanakojoa humu."

Wiki ya nne nilipuliza mapovu mpaka kifua kikawa kitupu. Kifua kitupu kina utulivu wake, sikuujua. Wiki ya sita nikaelea chali. Hili nalo lina ufundi wake: masikio lazima yaingie majini, na masikio yakizama dunia inakatika sauti, unabaki na moyo wako unaogonga kama mtu yuko mlangoni. Kisha usitamani kutazama miguu yako. Kichwa ni kizito. Ukikiinua uone kama miguu bado inaelea, ndipo inapozama. Nilijitazama miguu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mimi kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Wiki ya nane nilipotea. Sakafu ya bwawa lile inateremka ghafla karibu na katikati, na mimi nilikuwa narudi kinyumenyume nikijisifu. Mguu ukatafuta chini, chini haipo. Nilikunywa maji. Nakumbuka mwanga wa kijani na vigae vya bluu, na nakumbuka kwamba mkono wangu ulikuwa unapiga ukuta, kwa kiganja, pa, pa, pa. Nilijua ni mlio gani huo. Nilikuwa nimeusikia tangu nikiwa na miaka 13 bila kuusikia. Mzee aliniingizia mti mrefu wanaotumia kusafishia bwawa, nikaudaka. Haikuzidi sekunde kumi, aliniambia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimejifunga taulo, nikaagana naye kwa heshima zote, na moyoni nilikuwa nimeagana na maji kabisa.

Jumamosi tatu sikwenda. Mdogo wangu hakuniuliza kitu. Familia yetu hatumuulizi mtu kwa nini ameacha maji.

Hapa ndipo simulizi za aina hii huwa zinaweka ndoto usiku, au mstari wa Biblia, au sauti ya marehemu. Mimi nilirudi kwa sababu ya risiti. Nilikuwa napanga stakabadhi za mwezi, nikaona nimelipia mara kumi nimetumia nane, fedha hairudishwi. Iliniuma. Mtu aliyekataa kazi ya Unguja, nyumba na posho juu, alirudi kwenye maji yaliyotaka kummeza kwa ajili ya vipindi viwili vilivyolipiwa. Nimelifikiria sana hili tangu siku hiyo, na nimeacha kulionea aibu. Nilikuwa nimeisubiri sababu kubwa miaka ishirini na sita. Hii ndogo ilikuwa mfukoni, na ilitosha kunitoa kitandani.

Mzee aliniona getini akameza korosho yake. "Umebakiza mbili," akasema. Na yeye alikuwa akihesabu.

Siku ya mwisho ya mbili hizo nilivuka bwawa kwa upana, hatua zake kama kumi na tatu, uso majini, nikitoa, nikigeuka kuvuta, nikitoa. Watoto walinipigia makofi. Nikalipia kumi nyingine.

*

Katika miezi ile nilikuwa nasoma usiku mambo ya kuzama, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu anayetaka usingizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Nilisoma upya habari za MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebakiza kipande kidogo tu kufika gati la kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa hai humo ndani, alikuwa amejibanza mahali palipobaki hewa.

Sijidanganyi kwamba baba mdogo angejua kupuliza mapovu angekuja nyumbani. Aliyefungiwa ndani ya chuma hana pa kuogelea. Mambo ya meli yanataka jaketi okozi za kutosha, na idadi ya abiria inayolingana na karatasi, na mtu wa kusema hapana gatini. Lakini Ukara palikuwa karibu na nchi kavu kiasi kwamba watu walionana sura. Na baba, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2009 bado anaamini kwamba kuwaweka watoto wake mbali na maji ni kuwalinda, huku akitusomesha mjini ulio ukingoni mwa ziwa. Alifanya alichoweza. Mtu aliyekaa siku tisa gatini huwezi kumwambia habari za kuelea chali.

Agosti mzee alitupeleka watu wazima watano Kigamboni, maji yakiwa yamejaa, kuonja bahari. Chumvi inakubeba, nilielea kama boya nikaanza kuongea. Yeye aliposikia kwetu ni Bukoba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ziwa lenu ni maji baridi. Halitakubeba hivi. Utashuka zaidi, usishtuke, toa tu." Watu wa Pangani wanaiheshimu bahari bila kuigombeza. Nilipenda hilo.

Huwa naulizwa kama kuogelea kumebadilisha maisha yangu. Mkopo wa benki bado ninao. Niliomba kuhamishiwa kitengo kingine ofisini, nikakataliwa, nikaomba tena, nikakataliwa kwa barua ndefu zaidi. Ila nilikataa kuwa mtunza hazina wa kikoba cha tatu, jambo ambalo wanaonijua walilishangaa kuliko habari za bahari. Na kwenye vikao, kabla sijasema neno gumu, natoa pumzi kwanza. Wenzangu wanadhani nimechoka.

*

Desemba 2023 nilikwenda nyumbani kwa meli. MV Victoria ilikuwa imekarabatiwa na kurudi majini tangu 2020, inatoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, inaingia Bukoba asubuhi. Sikumwambia mama. Kabla haijang'oa nanga niliuliza jaketi okozi ziko wapi, kijana wa melini akanionyesha, nikaanza kuzihesabu, akacheka akaniuliza kama natoka serikalini. Nilimwambia ni ugonjwa wa kazi.

Saa ya kwanza nilisimama nje, nimeshika chuma kama siku ile ya kwanza Mikocheni. Taa za Mwanza zilikuwa zinarudi nyuma. MV Bukoba ilizama huku karibu karibu, sijui hasa wapi. Nilimsalia baba mdogo, kisha nikajaribu kukumbuka hadithi yake hata moja. Ikaja ya mbuzi na padri, mpaka pale anapoanza kucheka. Nilisimama mpaka baridi ikaniingia mifupani, nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha daraja la pili, sikulala. Alfajiri mtu akasema Musira ile. Sikuwahi kuiona kutoka upande huo.

Mama alikuwa barazani, kwenye benchi, anachambua senene, uso kwenye migomba. Alinipa kahawa za kutafuna, akaniuliza basi limefika saa ngapi, mbona mapema. Nikamwambia nimekuja na meli. Aliendelea kung'oa mabawa ya senene, moja, jingine, jingine. Kisha nikamwambia na lile jingine, kwamba najua kuogelea na kesho nitashuka ufukweni.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani hatajibu.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Mama, si lazima uje."

"Kama unakwenda kufa, nitakuwepo. Nijue pa kukutafuta."

Tulishuka saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza kuinua mawimbi. Nilichagua penye mchanga mtupu, mbali na nyasi na maji yaliyotuama, kwa sababu ya konokono wa kichocho. Na wiki kadhaa baadaye nilikwenda zahanati kumeza vidonge vyake, maana ziwa ni ziwa. Mama alitandika kitenge, akakaa, akayatazama maji. Nadhani tangu 1996 hakuwahi kuyatazama kwa muda mrefu vile. Nikavua viatu nikampa.

Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyotarajia na mzee alisema kweli, nilishuka zaidi. Mwili ukataka kubana. Nikatoa. Sikwenda mbali, niliogelea sambamba na ufuko, mahali ambapo nikisimama maji yananifika kifuani, kwenda kama hatua hamsini na kurudi. Kila nilipogeuza uso kuvuta hewa niliona vitu vipande vipande: mlima, kitenge, mama amesimama. Mama anapiga kelele kitu. Mama ameingia mpaka vifundoni, viatu vyangu mkononi, gauni limelowa pindo.

Nilitoka nikitetemeka. Alinifunga khanga kwa nguvu kama mtoto aliyeoshwa, akanifuta uso, hakusema jinsi nilivyomtisha wala hakusema nimefanya vizuri. Alikuwa anayatazama maji yanavyokuja na kurudi kwenye miguu yake.

"Ukipuliza vile chini," akasema, "hayakuingii puani?"

"Yanaingia," nikamwambia.